Mapumziko Saba Mpaka kwa Meza

Ukiuliza watu wa Amalemba, mtaa wa Kakamega mjini, baiskeli za kukodi ziko wapi, hakuna atakayekuonyesha na kidole. Watakuambia, "Simama hapo, nyamaza kidogo, utamsikia." Khisa husikika kabla hajaonekana. Kibanda chake kiko pale njia inapinda, mabati manne na turubai ya kijani, baiskeli saba zimepangwa mbele kama ng'ombe wa mnada, na yeye katikati na spana mkononi, anaelezea mtu ambaye hata hajasimama vile ile baiskeli nyekundu iliwahi kupita lori la miwa kwenye mlima. Lori lilikuwa limeharibika, dereva amelala chini yake. Hiyo sehemu Khisa hasemanga.

Kila baiskeli iko na jina. Ile nyekundu ni Gavana, kwa sababu inapiga kengele sana na haifiki haraka. Ile ya kijani ni Chura, gia zake zinaruka bila kuulizwa. Ile iko na kikapu mbele ni Bi Harusi. Zingine tatu zinaitwa Kadogo, Mchumba na Pole Pole. Halafu kuna Mzee, nyeusi, chuma tupu, na keria nyuma inaweza kubeba gunia la mahindi na mwenye gunia. Mzee ilikuwa ya babu yake na haikodishwi. Hiyo Khisa anapanda peke yake.

Shule aliacha darasa la saba. Ukimuuliza atakuambia ni shule ndiyo ilimwacha, ilikuwa inaenda polepole sana. Lakini mikono yake, hapo hakuna mzaha. Akizungusha gurudumu mbele ya jicho anajua spoki gani imelegea, na akisikia cheni ikipita barabarani anajua ni ya nani na ilipakwa mafuta lini. Shida ilikuwa wateja. Wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wanakodi, wanaenda mpaka lile jiwe refu la watalii kule Ilesi, wanapiga picha, wanarudi wakilia matako. Hawarudi tena. Na kila wikendi shemeji yake Osundwa alikuwa anapiga simu kutoka kwa mashamba ya miwa. "Khisa, hizo baiskeli zitakulisha kutu. Kuja ukate miwa, panga yako iko hapa tayari." Khisa anacheka kwa simu. Akikata, hachekangi.

Sasa, ndani ya kibanda kulikuwa na ramani. Aliichora mwenyewe nyuma ya karatasi ya simiti, akaitundika na msumari. Amalemba iko, soko iko, bustani ya Muliro Gardens iko, Ilesi iko. Halafu kuna mstari unatoka mjini, unapita Shinyalu, unaingia msituni, na kwa msitu kuna vitone saba vimepangana sawasawa kama vifungo vya shati. Mwisho wa vitone kuna meza kubwa ya miguu minne. Pembeni alikuwa amechora nyani, kipepeo, na kwa sababu nafasi ilibaki, twiga.

Hiyo meza aliipata kwa kukhu wake, nyanya yake Nasambu, ambaye ndiye alimlea mpaka akafika miaka minane. Nasambu alikuwa wa kuni. Siku zile askari wa msitu waliruhusu, yeye na wamama wengine walikuwa wanaingia kuokota matawi makavu, wanarudi na mzigo kichwani. Jioni akiwa anapindua obusuma, ugali wa kwao, kwa sufuria alikuwa anamwambia Khisa, "Mimi leo nimekula kwa meza kubwa kushinda ya askofu. Jiwe moja, bapa hivi, maji yanapita chini, vipepeo ndio wanapangusa. Kutoka hapa, unapumzika mara saba, uko kwa Meza."

Khisa alikuwa anaomba kupelekwa. Nasambu alikuwa anacheka. Kuni ni za wamama na wasichana, kijana ni wa ng'ombe. Siku moja atakua, ataenda mwenyewe. Basi Khisa akakua, akaletwa mjini kwa mjomba, kukhu akafa, na hakwenda. Lakini kwa mdomo alikuwa ameenda mara elfu. Kila mteja alikuwa anaambiwa habari ya Meza na mapumziko saba, na Khisa akiwa mbele kama simba. Hakuna mteja alisema, haya twende. Ndiyo sababu ule uongo uliishi miaka miwili bila kuugua.

Mpaka Emily akakuja.

Emily Chelimo alikuwa wa maabara ya hospitali, ameletwa kazi Kakamega kutoka Eldoret hata miezi miwili haijaisha. Alifika kwa kibanda Jumatatu jioni na viatu vya kazi, akasimama mbele ya ramani, mikono nyuma. Alikuwa na maswali kama karani wa sensa.

"Hivi vitone ni nini?"

"Hayo ni mapumziko, daktari."

"Mimi si daktari, niko maabara. Nani anapumzika?"

"Mtu yeyote, daktari. Njia ni ya wanaume, lakini nikiwa mbele hata mtoto anafika."

"Na kutoka kitone kimoja mpaka kingine ni kilomita ngapi?"

"Moja," Khisa akasema, bila hata kumeza mate. "Kilomita moja moja. Nilipima na Mzee."

"Na huyu twiga?"

"Huyo..." Khisa akaangalia twiga kama mtu aliyekutana na mkwe sokoni. "Huyo anakujanga msimu wa mvua."

Kando ya kibanda alikuwa ameketi Tyson juu ya pikipiki yake ya boda. Tyson na Khisa wanapendana kama ulimi na meno, kila siku wako pamoja na kila siku mmoja anamuuma mwingine. Tyson akacheka mpaka helmeti ikamwanguka.

"Madam, usidanganywe na huyu mtu," akasema. "Hiyo meza yake nimesikia mpaka nimejua vyakula viko juu. Siku atafika hapo, mimi Tyson nitaacha pikipiki, nipande ile Bi Harusi na kikapu chake, nizunguke soko mzima mchana kweupe."

"Umesikia mwenyewe, daktari," Khisa akasema. "Wewe ni shahidi."

Emily hakucheka. Alikuwa bado anaangalia ramani, kichwa ameinamisha upande mmoja. Akasema kazini wako watu sita, wamechoka kukaa ndani kila Jumamosi, wanatafuta njia ya baiskeli ambayo si lami na si kwenda kuangalia jiwe moja halafu kurudi. "Jumatano sina kazi. Twende mimi na wewe. Tukifika kwa hii Meza, Jumamosi nawaleta wote, na kila Jumamosi. Tukikosa, basi, tutatafuta mambo mengine."

Khisa akaweka spana chini. Watu sita, kila Jumamosi. Hiyo ni kibanda kusimama, ni Osundwa kutafuta mtu mwingine wa kushika panga. Lakini hiyo njia yenyewe hakuijua. Na kulikuwa na kitu kingine kilikuwa kinamwasha chini zaidi, kitu alikuwa amekikalia miaka mingi. Nasambu alikuwa mtu wa maneno. Yeye ndiye alimfundisha kupita lori mlimani kwa mdomo. Sasa kama Meza haikuwako? Kama ilikuwa ni hadithi ya kunyamazisha mtoto mwenye njaa?

"Jumatano saa moja asubuhi," akasema. "Kuja na maji. Mimi sihitaji, mwili wangu umezoea."

Jumatano Emily akaacha kitambulisho chake kwa kopo la Khisa kama kila mteja, akachukua Chura. Khisa akapanda Mzee. Tyson akawapigia honi mpaka wakapotea. Waliteremka wakatoka mjini, wakashika njia ya Shinyalu, na Emily hakunyamaza hata mlima mmoja. Kwa nini hapa nyumba zina makaburi mbele? Huyu ng'ombe mbona amefungwa peke yake na anapewa majani kama mfalme? Khisa akamwambia huyo ni wa kupigana, huyo halimi, siku yake ikifika atatembezwa na ngoma za isukuti na watu wakikimbia nyuma. Emily akasimamisha baiskeli kabisa, akamwangalia yule fahali, fahali akamwangalia. "Anajua?" akauliza. "Anajua yeye ni mkubwa?" Hilo swali lilimfurahisha Khisa.

Kupita Shinyalu kidogo, Khisa akaonyesha kwa kidevu shamba la mahindi. "Hapo ndipo palikuwa kwa kukhu, nyanya aliyenipa habari ya Meza. Alikuwa wa kuni."

"Hapo? Nyumba iko wapi?"

"Wajomba waliuza. Mahindi ndiyo yanalala ndani siku hizi."

Hawakusimama. Barabara ilikuwa inashuka tamu, upepo kwa masikio, wakapita kanisa dogo la mabati lenye benchi nje, wakapita kisima ambapo wasichana walikuwa wanapanga mitungi, wakapita posho mill ikinguruma na unga ukitoka mlangoni kama moshi. Khisa alikuwa anahesabu kwa kichwa, lakini alikuwa hajaanza. Kuni ziko msituni, alijiambia, basi na mapumziko yako msituni. Alijiona mwerevu sana.

Kwa lango la msitu walilipa, askari akaandika majina yao kwa daftari, akawaambia wasitoke kwenye kijia. "Leo ni siku ya kuni," akasema. "Mkikutana na wamama wamebeba, nyinyi ndio mtatoka njiani. Wao hawana breki."

Ndani kulikuwa baridi kama umefungua friji. Miti imeenda juu mpaka shingo inauma. Kitu cheusi na cheupe kikaruka huko juu, mkia mrefu kama shali, Emily akaangusha Chura chini, akakimbia kuangalia. Khisa naye akaangalia. Alikuwa amewaambia watu habari ya mbega hao miaka miwili na alikuwa hajawahi kuwaona wakiruka hivyo. Akafunga mdomo usije ukatoa siri yake.

Kilomita moja ikapita. Khisa akashuka, akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Miti. "Hapa," akasema. "Pumziko la kwanza."

"Unajuaje ni hapa?"

"Daktari, mtu anajua jikoni kwake hata gizani."

Emily akazunguka pole pole. "Lakini mtu amebeba kuni kichwani, hapa ataziweka wapi? Akiziweka chini, nani atamsaidia kuziinua?"

Lilikuwa swali dogo tu. Khisa akalibeba kichwani kama hizo kuni. Ni kweli. Hapa palikuwa tambarare, hakuna mtu angechoka hapa. Akaona wazi, na ikamkera, kwamba kwa ramani yake alikuwa amepanga mapumziko na rula, na hakuna mama hata mmoja hupumzika na rula. Wakasukuma baiskeli mbele. Palipokuwa na mlima mkali, juu kabisa, Emily ndiye alipiga kelele.

"Khisa! Hii ni nini?"

Alikuwa ameshika kiduara cha majani makavu yaliyosokotwa, kama sahani isiyo na katikati. Chini kulikuwa na vingine, ishirini, thelathini, vingine vimeoza vimekuwa udongo. Na hapo kando kilisimama kisiki cha urefu wa kifua, juu kimelainika kama ukingo wa kinu.

Khisa akachukua kile kiduara. Akakinusa. Sijui mtu hunusa nini kwa majani makavu, lakini alinusa, na jikoni kwa kukhu yote ikamjia na moshi wake.

"Ni ingata," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Ya kuweka kichwani, kuni zisikuumize. Unasokota yako, ikichakaa unatupa, unasokota ingine." Akagusa kisiki. "Hapa ndipo wanaweka mzigo. Hauinami. Unaweka, unapumua, unaingia tena chini yake, unaenda. Hauhitaji mtu."

"Kwa hivyo tunafuata ingata," Emily akasema, macho yamewaka.

"Ndiyo nilikuwa nataka kukuambia tangu Amalemba," Khisa akasema.

Basi wakafuata. La pili na la tatu yalikuwa kwa mlima mmoja, hata mtu angerusha jiwe kutoka hapa likafika pale. Khisa akakumbuka zile kilomita zake za kupima na Mzee, akaongeza mwendo. La nne lilikuwa mbali, chini ya mti ulioinama wenye panda, ingata zimejaa mpaka kunguru wangeweza kujenga. Kila mara Emily alikuwa wa kwanza kuona, na kila mara Khisa alikuwa anasema, "Hilo nilikuachia uone mwenyewe." Wakawa wanacheka. Njia ikashuka, wakasikia maji, wakatokea mahali pa wazi.

Palikuwa na jiwe. Pana, bapa, la kijivu, limelala juu ya kijito, maji yanaingia upande huu na kutokea upande ule. Pembeni palipolowa vipepeo wa bluu na wa njano walikuwa wamekaa wanakunywa, kama watu wa harusi kwa soda.

Emily akasimama. "Khisa. Si hii ndiyo meza?"

Na hapa ndipo Khisa alijiharibia. Alihesabu kwa vidole. Moja, mbili, tatu, nne. Nasambu alisema saba. Akaangalia lile jiwe kwa dharau, kama mtu ameletewa kuku wa mayai akiwa aliomba jogoo.

"Daktari, hii ni kijimeza tu," akasema. "Hii ni ya kuwekea vikombe. Meza yenyewe bado mapumziko matatu. Ukiiona utaomba kiti."

"Lakini maji yanapita chini. Na vipepeo..."

"Nani ndiye mwenyeji?"

Emily akaangalia jiwe, akaangalia mwenyeji. Akapanda Chura.

Mbele ya hapo njia haikuwa njia tena. Mizizi ilikuwa imeinuka kama mishipa ya mkono wa fundi, wakabeba baiskeli begani, na Mzee begani si kitu cha kutania. Chura ikatupa cheni mara tatu. Hapakuwa na kisiki. Hapakuwa na ingata hata moja. Emily aliacha kuuliza maswali, na hiyo ndiyo ilimtisha Khisa kushinda nyoka. Saa sita ikapita. Mwisho gurudumu la mbele la Mzee likazama kwa kinamasi mpaka katikati, Khisa akavuta, kiatu kimoja kikabaki huko chini, na mbele yao kulikuwa matete na maji meusi na basi.

Khisa akakaa chini hapo hapo kwa tope. Alikuwa anaona panga la Osundwa wazi wazi, hata mpini wake.

"Daktari," akasema. "Mimi sijawahi kufika hapa."

"Najua."

"Sijawahi kufika hata pale kwa lango."

"Najua, Khisa. Umechora twiga msituni."

Khisa akaangalia mguu wake usio na kiatu. "Sasa kama ulijua, ulikuja kufanya nini?"

Emily alikuwa amechuchumaa, anaosha mnyororo wa Chura na majani. "Twiga ulimweka wewe. Lakini vile vitone saba si vyako. Mtu akidanganya husema kumi, au husema vingi. Saba ni mtu alihesabu. Nilitaka kujua nyanya yako alikuwa anahesabu nini."

Khisa aliingiza mkono kwa tope mpaka begani, akapata kiatu, akakimwaga maji. Maneno kama hayo yakikuingia unatafuta kazi ya mikono.

Wakageuza. Walipokaribia lile jiwe wakasikia kicheko kabla hawajaona mtu. Wamama watano walikuwa wamekaa juu yake, mizigo ya kuni imesimamishwa kwa miti, katikati wametandaza majani ya ndizi na viazi vitamu vya kuchemsha, na chai kwa kijerikeni cha manjano. Mkubwa wao alikuwa mama mzee mwenye shingo nene na jino moja la dhahabu, jina lake Naliaka.

"Mulembe," Khisa akasalimia, akavua kofia.

"Mulembe, mwanangu. Mbona unatoka huko? Huko hakuna kitu, hata nyoka walihama." Akamtazama kutoka kichwa mpaka tope. "Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni wa Nasambu. Mjukuu. Yule alikuwanga pale kupita Shinyalu."

Wamama wawili wazee kati yao waliangaliana. Halafu Naliaka akapiga mapaja, akacheka mpaka jino likaonekana lote.

"Nasambu! Aki ya Mungu. Na unatafuta nini, mtoto wa Nasambu?"

"Natafuta kwa Meza, kukhu."

Wote watano wakacheka pamoja, vipepeo wakaruka.

"Na hapa tumekaa wapi?" Naliaka akasema. "Kwa paja lako?"

Emily alimwangalia Khisa tu, nyusi zimepanda juu, na Khisa akatamani kurudi kinamasi. "Lakini kukhu," akasema, "aliniambia mapumziko ni saba. Sisi tumeona manne!"

"Ni manne. Sisi wote ni manne. Saba ni ya Nasambu peke yake." Naliaka akapangusa macho na kitambaa. "Sisi tukishatoka msituni tunaenda moja kwa moja, nyumbani tunaona moshi, nani atapumzika hapo? Yeye la. Akifika posho mill, anaegemeza mzigo kwa ukuta, anaingia, anauliza nani amesaga, nani hajasaga na kwa nini. Akifika kisima, anakaa. Akifika kanisani, pale kwa benchi, jua linamkuta na linamwacha. Mimi nimeshakula, nimeosha vyombo, bado nasikia sauti yake huko chini anamaliza habari ya asubuhi."

"Kwani mzigo wake ulikuwa mdogo?" Emily akauliza, akisogea.

"Mdogo? Binti, ulikuwa mkubwa kushinda yetu! Hakuna mtu alimweza. Huyo alikuwa na shingo ya fahali na mdomo wa redio." Akamgeukia Khisa. "Na wewe umechukua gani?"

"Amechukua mdomo," Emily akasema.

Walicheka tena, na Khisa akacheka na wao, lakini alikuwa ameweka mkono bapa juu ya lile jiwe. Lilikuwa na joto la jua. Maji yalikuwa yanasikika chini, kama mtu anaongea chumba cha pili. Akapewa kiazi, akala. Alikula kwa meza kubwa kushinda ya askofu, na alikuwa ameipita asubuhi akisema ni ya vikombe.

Wakati wa kurudi Emily alikataa kupita posho mill bila kusimama. Alishuka, akaegemeza Chura kwa ukuta, akaingia. "Hili ni la tano," akasema. Akauliza mwenye kinu kama anamkumbuka Nasambu. Mwenye kinu alikuwa kijana, hakumkumbuka, lakini ukuta wa nje ulikuwa na mahali pamelika, urefu wa kifua, na Khisa alipaona na akaweka bega lake hapo. Kisimani walikunywa maji. Kwa benchi ya kanisa walikaa mpaka jua likageuka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ni Khisa ndiye alikuwa anauliza maswali. Maabara wanaangalia nini kwa ile damu yote? Mtu anaweza kujua kwa damu kama huyu ni mtu wa maneno?

Ile Jumamosi walikuja wote sita, pamoja na Emily. Tyson alikuwa amejificha nyuma ya duka la simu tangu asubuhi. Khisa akamtoa huko kwa sikio, akamkalisha juu ya Bi Harusi, akatia maua kwa kikapu, na soko la Kakamega lilimwona dereva wa boda akikanyaga pedali, magoti yanagonga masikio, wamama wa mboga wakimpigia vigelegele. Alizunguka yote, halafu akarudisha baiskeli kwa wenyewe. Ahadi ni ahadi. Simu ya Osundwa ililia saa hiyo hiyo. Khisa akaiangalia, akairudisha mfukoni, akapanda Mzee.

Kwa kibanda ramani ilikuwa mpya. Twiga hayuko. Vitone vinne viko msituni, viwili vimebanana kwa mlima mmoja kama mapacha, na vitatu vimetoka nje kijijini, vimechorwa na kalamu nyekundu.

Wakashuka ule mteremko mtamu kupita Shinyalu, wote saba, kengele zikilia. Mbele ya kanisa dogo la mabati Khisa akanyanyua mkono. Wakafunga breki.

"Kwani kuna nini?" mmoja akauliza. "Hata hatujachoka."

"Hamjachoka," Khisa akasema, akiegemeza Mzee kwa benchi. "Hapa hakuna mtu aliwahi kuchoka. Hapa ni kwa Nasambu. Kaeni, niwaambie vile alipita trekta kwa huu mlima, kuni kichwani."

Dakika kumi zikaisha. Trekta ilikuwa bado haijafika hata katikati ya mlima. Emily akapiga kengele ya Chura.

"Khisa, hili ni pumziko ama ni mahubiri?"

"Daktari," Khisa akasema, bila kuinuka, "kukhu wangu hakuwahi kuuliza tofauti yake."